Kushusha Pumzi: Nafasi ya Yoga Katika Huduma ya Afya ya Akili

Ndugu Mwenyekiti, waganga na wauguzi wenzangu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii mliotoka vijijini alfajiri ili muwahi kikao hiki, na ninyi wazazi na ndugu mnaouguza watu wenu nyumbani mwaka hadi mwaka bila posho wala cheti: wakubwa wangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Mara ya kwanza nilipolitamka neno yoga mbele ya wagonjwa, mzee mmoja aliyekuwa amekaa na mjukuu wake akisubiri dawa za kifafa aliniuliza kwa upole kama uyoga huo ni wa kukaanga au wa kutia nazi. Benchi zima lilicheka, nami nikacheka nao, ila jioni nilipofika nyumbani swali lile lilikuwa bado linanizunguka kichwani. Mzee hakuwa na kosa lolote. Neno lenyewe lilikuwa halijamfikia kwa njia inayomhusu. Pwani yetu limefika ndani ya tangazo la hoteli, ambamo msichana mwembamba amejikunja juu ya mkeka wa mpira, huku nyuma yake kukiwa na bahari na minazi. Mgonjwa wangu anayetetemeka mikono kwa sababu ya dawa, aliyevaa kanga na ndala, haoni mahali pake katika picha ile, wala waliopiga picha ile hawakuwa wakimfikiria yeye.

Kwa hiyo naomba tuianze habari hii upya, tukiwa mbali kidogo na ufukwe. Yoga ni neno la Kisanskrit, na mzizi wake una maana ya kuunganisha, kama ng'ombe wawili wanavyofungwa nira moja. Mafundisho ya kale ya India yanayobeba jina la Patanjali yanaieleza kuwa ni kutuliza misukosuko ya akili, na yanaigawa katika hatua nane, ambazo mikao ya mwili ni ya tatu tu. Zinazotangulia zinahusu namna ya kuishi na watu na namna ya kujitunza, na zinazofuata zinahusu pumzi, kuzirudisha hisia ndani na kukaza fikra, hadi kufikia utulivu ulio kamili. Sitawasomea zote, kwa kuwa hatukukutana hapa kuwa wanafunzi wa falsafa. Nimezitaja ili tukubaliane kwamba anayetuambia yoga ni kukunja viungo ametupa kisehemu kimoja cha kitu kikubwa, na kwa mgonjwa wa akili kisehemu hicho huenda ndicho kisicho na haraka kuliko vyote.

Ninachokuja kukitetea mbele yenu ni hiki: yoga inastahili nafasi katika huduma zetu, pamoja na dawa na mazungumzo ya unasihi, na kinachoipa nafasi hiyo ni hiari zaidi ya mikao. Mgonjwa wa akili katika mfumo wetu ni mtu ambaye karibu kila kitu huamuliwa na wengine, kuanzia saa ya kulala na chakula cha kula hadi sindano, na hata kama ndugu zake wataruhusiwa kumwona. Sikilizeni sarufi ya wodi zetu kwa siku moja tu, nami nilifanya hivyo kwa makusudi nikiwa zamu ya usiku: kunywa dawa, kaa hapo, lala, nyamaza, fungua mdomo nione kama umemeza. Zote ni amri. Zoezi ambalo linamwambia mtu huyo kwamba unaweza kuinua mkono huu, au ule, au usiinue kabisa, na lolote utakalochagua ni sawa, linamrudishia kitu ambacho hakuna kidonge kinachoweza kukirudisha.

Kabla hamjaniambia kwamba haya ni mambo ya kigeni, niruhusuni nipande kidogo milima ya Usambara. Lutindi, katika wilaya ya Korogwe, palianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 pawe makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na tangu mwaka 1904 pakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Pamejulikana kwa miaka mingi kwa namna wagonjwa wanavyoshiriki kazi za bustani, za chai na za mikono kama sehemu ya matibabu yao. Sisemi kwamba kazi ni yoga, wala sisahau kwamba katika historia ya hospitali za akili za kikoloni jina la kazi limewahi kutumika vibaya. Nasema tu kwamba wazo la kumtibu mtu wa namna hii kupitia mwili wake lilikuwa katika ardhi yetu kabla hata ya dawa za magonjwa ya akili kama klopromazini kugunduliwa katika miaka ya 1950. Na kabla ya Wajerumani, pwani hii ilikuwa na ngoma zake za kupunga pepo, ambazo hata asiyeziamini atakubali kwamba zilianza na mwili: kuoga, kufukizwa, kucheza mpaka jasho, kisha kulala ukizungukwa na watu wanaokujali. Aliyewahi kukaa Unguja akatazama Maulidi ya Homu, safu ya wanaume waliopiga magoti wakiyumba pamoja kama wimbi moja, hahitaji kuelezwa na mtu kutoka mbali kwamba pumzi na mwendo vikienda pamoja, kitu fulani ndani ya mtu hutulia.

Lugha yetu nayo inalijua jambo hili kuliko vitabu vingi nilivyopewa kusoma. Pumzi, kupumua, kupumzika: mzizi ni mmoja. Aliyemaliza kulipa deni husema sasa nimepumua. Mama aliyekuwa akimngoja mwanawe usiku wa mvua, akisikia mlango unagongwa, hushusha pumzi. Angalieni neno tulilolichagua: kushusha. Wataalamu wa mwili watatuambia kwamba mapigo ya moyo huongezeka kidogo tunapovuta hewa na hupungua tunapoitoa, na kwamba kazi hiyo ya kupunguza hufanywa na neva ya vagasi, inayotoka shina la ubongo ikapita shingoni mpaka moyoni, mapafuni na tumboni. Anayetoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta anaipa neva hiyo nafasi ya kufanya kazi yake. Ukivuta kwa hesabu ya sekunde nne na kutoa kwa sekunde sita, utakuwa umepumua mara sita kwa dakika, na kasi hiyo ya takribani mara sita ndiyo iliyochunguzwa sana katika utafiti wa pumzi za taratibu. Kwa mgonjwa wangu huhitaji kusema neno vagasi. Nasema, shusha pumzi kama mtu aliyefika nyumbani, naye anaelewa mara moja.

Sasa nina wajibu wa kuwasimulia kosa langu, kwa sababu bila kosa hilo mazungumzo haya yangekuwa mahubiri matupu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya siku nne, nimejaa bidii kama mtu aliyepewa baiskeli mpya, nikaomba chumba katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati ule. Nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa. Nilifunga mlango ili kelele za korido zisituingilie, nikashusha mapazia, nikawaambia kina mama saba walale chali juu ya mikeka, wafumbe macho, nami nikawa natembea katikati yao nikisema kwa sauti ya chini: legeza, usitikisike, sikiliza sauti yangu. Mmoja wao, mama wa makamo aliyeletwa kwa kukosa usingizi na kushtuka-shtuka, alikuwa amekaza taya tangu mwanzo, nikadhani ndiyo dalili ya kuhitaji zoezi zaidi. Niliinama nimrekebishe bega. Aliruka kama aliyeguswa na moto, akaupiga mlango kwa viganja vyote viwili, na nilipoufungua alikimbia pekupeku mpaka langoni. Hakurudi kliniki kwa miezi minne, na miezi hiyo minne alikaa bila dawa. Siku aliporudi hakunilaumu. Alisema tu, "Ulifunga mlango."

Mlango, giza, kulala chali, sauti inayoamrisha, na mkono usioombwa: nilikuwa nimemjengea upya, kwa nia njema kabisa, chumba kilekile alichotendewa ukatili. Aliyepata kiwewe hajasahau mwilini hata kama amesahau kichwani, na ukimwambia aingie ndani ya mwili wake kwa ghafla unamwingiza katika nyumba inayoungua.

Baadaye ndipo nilipopata kusoma kwamba kuna watu waliokwisha kulifikiria jambo hili kwa makini. Huko Massachusetts, Marekani, katika kituo kilichohudumia watu wenye kiwewe, David Emerson na wenzake walitengeneza namna ya kufundisha yoga ambayo mwalimu hamgusi mtu, hatoi amri, hutoa machaguo, na hampimi mtu kwa uzuri wa mkao. Mwaka 2014 Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha wanawake 64 wenye kiwewe cha muda mrefu ambacho matibabu mengine yalikuwa hayajakiondoa. Nusu yao walipata saa moja ya yoga ya namna hii kwa wiki, kwa wiki kumi, na nusu nyingine walipata masomo ya afya ya wanawake kwa muda uleule. Mwisho wa wiki hizo, asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo, wakati katika kundi la pili walikuwa asilimia 21. Wanawake 64 si wengi, na hawakuwa wanawake wa Muheza wala wa Pangani. Hata hivyo, nilipousoma utaratibu wao niliona orodha ya mambo yote niliyoyafanya kinyume siku ile.

Nimetaja utafiti, basi niutaje kwa haki, ukiwemo ule usionipendeza. Ndugu wa mgonjwa akikuuliza kama jambo hili limethibitishwa, usimpe jibu la muuza dawa za barabarani. Kule India, mwaka 2007, watafiti wa taasisi ya NIMHANS ya Bengaluru walichapisha matokeo ya wagonjwa 61 wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti au aamini yasiyokuwepo, waliokuwa wakiendelea na dawa zao, ambao baadhi walifundishwa yoga na baadhi mazoezi ya kawaida ya viungo kwa miezi minne, na waliofanya yoga walipata nafuu zaidi ya dalili. Kwa upande wa sonona, mapitio ya mwaka 2013 yaliyokusanya majaribio 12 yenye watu 619 yalionyesha kwamba yoga inasaidia kwa muda mfupi, ingawa ubora wa majaribio mengi haukuwa wa kujivunia. Jaribio jingine la Marekani la mwaka 2017, lenye watu 122 ambao dawa za sonona zilikuwa hazijawaponya vya kutosha, halikuonyesha tofauti ya maana baada ya wiki kumi kati ya yoga na masomo ya afya. Tofauti ilijitokeza baadaye, walipoendelea kufuatiliwa, kana kwamba ni mbegu iliyochelewa kuota. Na lile ninalolipenda kwa ukweli wake lilichapishwa mwaka 2020, likiwa na watu 226 wenye ugonjwa wa wasiwasi: walionufaika na yoga walikuwa asilimia 54, walionufaika na masomo ya kukabili msongo walikuwa asilimia 33, na walionufaika na tiba ya mazungumzo ya kurekebisha fikra na tabia walikuwa asilimia 71.

Someni tarakimu hizo tatu kwa utulivu. Yoga imeshinda masomo, lakini imeshindwa na tiba ya mazungumzo iliyofanywa vizuri. Ningekuwa na mnasihi mwenye ujuzi huo katika kila kituo cha afya, mazungumzo yangu ya leo yangekuwa mafupi sana. Sina, nanyi hamna. Shirika la Afya Duniani linasema nchi, kwa wastani, hutenga takribani asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya kwa ajili ya afya ya akili, na katika nchi maskini watu zaidi ya robo tatu wenye magonjwa haya hawapati matibabu yoyote. Hapo ndipo tulipo, na kutoka hapo ndipo tunapopaswa kuuliza ni nini kinachoweza kuongezwa Alhamisi ijayo, siku yetu ya kliniki, bila kungoja jengo wala mfadhili.

Niwaeleze basi tunavyofanya siku ya kliniki, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo wengi mmeniuliza mlangoni. Wagonjwa wetu hufika saa kumi na mbili asubuhi, mafaili hutoka saa mbili, na daktari huanza saa tatu. Kati ya saa mbili na saa tatu kuna watu thelathini au arobaini wamekaa kwenye mabenchi chini ya mwembe, wengine na ndugu zao, wakitazama ardhi. Ule muda wa foleni ndio tulioutwaa. Hakuna chumba, na kwa hiyo hakuna mlango wa kufunga. Hakuna mikeka ya mpira, kwa kuwa kila mtu amekaa tayari, na mkao wa kwanza wa yoga yetu ni kukaa. Muuguzi husimama mahali anapoonekana na wote, kamwe hasimami nyuma yao, na hutangaza kwa sauti ya kawaida kwamba kwa dakika ishirini zijazo tutanyoosha viungo na kushusha pumzi, na kwamba asiyependa atakaa tu, hatapoteza nafasi yake kwenye foleni. Sentensi hiyo ya mwisho msiiache. Kwa mgonjwa aliyezoea kuadhibiwa, huduma yoyote inayotolewa karibu na foleni huonekana kama sharti.

Tunaanza na nyayo: unahisije ardhi chini ya mguu wako, ndala ukiivua au ukibaki nayo. Kisha mabega yanapanda kuelekea masikio na kushushwa pamoja na pumzi. Kisha viganja juu ya mapaja, na mgongo unajikunja na kujinyoosha kama paka aliyeamka, na hapo kina mama wazee hucheka kila mara kwa sababu viuno hulia. Mwenye kanga huipitisha nyuma ya mabega, akashika ncha zake mbili na kuivuta taratibu, na kifua kinafunguka bila mtu yeyote kumgusa. Macho yanabaki wazi, au yanatazama kidole gumba cha mguu. Tunamaliza kwa pumzi kumi za kushusha, nne za kuvuta na sita za kutoa, na yeyote ambaye hesabu inamletea kizunguzungu anaziacha na kupumua anavyopumua siku zote. Kuna kijana ambaye kwa majuma sita alikaa pembeni amejifunika kofia ya sweta usoni bila kutikisa hata kidole, na sisi hatukumsemesha kuhusu zoezi hilo hata mara moja. Juma la saba niliona kisigino chake kinapanda na kushuka pamoja na wenzake. Sikusema kitu. Nilijifanya naandika kwenye rejesta.

Wenzangu wauguzi mnajua kwamba mwili wa mgonjwa wetu si mwili wa yule msichana wa tangazo, na hapa naomba umakini wenu wa kitaaluma. Anayetumia klopromazini au amitriptilini anaweza kushukiwa na shinikizo la damu anaposimama ghafla, kwa hiyo usimwinamishe kichwa chini kisha ukamwamuru asimame. Anayetumia haloperidoli au anayechomwa sindano ya kila mwezi anaweza kuwa amekakamaa shingo na mikono, au miguu yake haitulii kabisa, na ukimdai atulie unamdai kitu ambacho dawa yenyewe imemnyang'anya. Huyo mpe mwendo, atembee akihesabu hatua na pumzi, kisha mwandikie daktari dalili hizo, maana nyingi hurekebishika kwa kubadili dozi. Pumzi za haraka na za nguvu, zile ambazo mtu hupuliza kama mvukuto, zisitumike kwetu kabisa. Kupumua haraka huweza kuchochea degedege kwa baadhi ya wenye kifafa, nao ni wengi katika kliniki zetu, humzidishia mwenye hofu hofu yake, na hazimfai mjamzito wala mwenye shinikizo la damu. Mgonjwa aliyechangamka kupita kiasi, au anayesikia sauti zikimwamrisha, asiachwe katika kutafakari kimya kwa muda mrefu, kwa sababu kimya kile tunachokiona sisi kinaweza kwake kuwa soko lenye kelele. Na mtu yeyote anayewaambia wagonjwa kwamba wakishapata yoga waache dawa, mwondoeni katika kituo chenu kwa heshima lakini siku hiyohiyo.

Kuna suala la dini, na nimeona baadhi yenu mkiangaliana tangu nilipomtaja Patanjali. Ni halali kuuliza, na anayeulizwa asimdhihaki muulizaji. Mapema mwaka 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikataza yoga inayochanganywa na ibada na nyimbo za Kihindu, likaacha yoga ambayo ni mazoezi ya mwili tu. Malaysia ilikuwa imetoa fatwa yake mwishoni mwa mwaka 2008. Saudi Arabia, mwezi Novemba mwaka 2017, iliiruhusu kufundishwa kama michezo. Kwa upande wa makanisa nako kuna wachungaji wanaoikataa na wanaoikubali. Mimi si shehe wala si padri, nami sitatoa fatwa nikiwa nimevaa sare ya uuguzi. Tulichofanya ni kuzungumza na imamu na katekista wa mtaa kabla ya kuanza, tukawaalika wakae benchini watazame, na hatutumii maneno ya ibada ya dini yoyote. Pamoja na hayo sikubali tufiche asili ya jambo hili. Zoezi limetoka India, kwa watu walioishi na kufanya biashara nasi karne nyingi, na adabu inataka tuseme hivyo waziwazi hata tunapoziita hatua zake kwa Kiswahili. Mgonjwa ambaye dhamiri yake inakataa asisumbuliwe, na kwa kuwa tulikwisha kusema ni hiari, hana haja hata ya kutueleza sababu.

Nani basi atafundisha? Hapa mawazo yangu yameelekezwa zaidi na Zimbabwe kuliko India. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianzisha huko Harare mpango unaojulikana kama Benchi la Urafiki, ambamo kina bibi wa mitaani, wasio na shahada yoyote, walifunzwa kukaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kutatua tatizo moja kwa wakati. Tatizo lenyewe waliliita kwa neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na nadhani hakuna Mswahili anayehitaji tafsiri ya hapo zaidi. Jaribio lao, lililochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha watu 573 katika kliniki 24, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa karibu asilimia 14 kwa waliokaa benchini, dhidi ya asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Nikasema moyoni: benchi tunalo, bibi tunao, na kina bibi wa pwani wanajua kushusha pumzi kuliko mimi.

Kwa hiyo sitaki tuajiri mwalimu kutoka hotelini, hata awe hodari namna gani, akaja Alhamisi tatu na kuondoka na picha za wagonjwa wetu katika simu yake. Nataka mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye anajulikana mtaani na atakuwepo mwakani, afunzwe na muuguzi wa afya ya akili: kwanza dalili za hatari na njia ya rufaa, pili lugha ya hiari, na mwisho kabisa mikao yenyewe, ambayo si zaidi ya minane. Alipwe. Nalirudia neno hilo kwa sababu wafadhili wengi hupenda kuita kazi ya wanawake maskini kujitolea. Awe na muuguzi wa kumsimamia na rejesta ya kuandika nani alikuja na nani aliacha, na anayeacha afuatwe nyumbani, kwa kuwa mara nyingi aliyeacha zoezi ameacha na dawa. Wanawake na wanaume wakae makundi mawili pale mila inapotaka hivyo, nguo ziwe zilezile mtu alizokuja nazo, na simu zote zikae mifukoni. Watu wetu bado hutaniana kwa kusema fulani apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na picha moja ya mtu akiwa benchini kwetu inaweza kumpotezea kazi au mchumba.

Yule mama aliyekimbia pekupeku anaendelea na dawa, na usingizi wake umerudi kwa kiasi. Yoga hakuitaka tena, nami sikumshawishi. Huja Alhamisi, hukaa benchi la mwisho lililo karibu na njia, na zoezi likianza hununua chai kwa mama ntilie wa upande wa pili, akanywa taratibu huku akitutazama. Mwezi uliopita aliniambia kwamba muuguzi mpya anahesabu haraka mno, sekunde zake ni fupi. Nilikwenda kusikiliza, na kweli zilikuwa fupi.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Viti vya plastiki vimepangwa nje kwenye kivuli, na baada ya chai wenzangu wawili watafanya zile dakika ishirini kama tunavyozifanya kliniki. Atakayependa ashiriki, atakayependa kutazama atazame, na mwenye basi la kuwahi aende salama. Lango liko wazi.